Mimea ya Tangi la Samaki na Vituko vya Kuizalisha

Kuzalisha mimea ya tangi la samaki hakuhitaji mbegu. Kunahitaji mkasi, ndoo, taa na mtu anayeweza kukaa bila kuigusagusa. Vitatu vya kwanza vinapatikana dukani.

Mimea ya mashina marefu, kama rotala na haigrofila, huzalishwa kwa vipandikizi, vile vile kama marando ya viazi vitamu. Kipande cha sentimita 10 hivi hukatwa chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yakanyofolewa, kikachomekwa kwenye changarawe. Maelezo huishia hapo. Shughuli ndiyo kwanza inaanza. Shina lina hewa ndani, kwa hiyo huelea. Kipande kilichochomekwa asubuhi hukutwa jioni kikizurura juu ya maji, na mkono unaokirudisha chini hung'oa jirani zake wawili wakati wa kutoka. Kibano kirefu hupunguza balaa hilo. Tangi likiwa na samaki wa dhahabu hakuna cha kupunguza: hao huona bustani kama mboga.

Anubia, wenyeji wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, hutambaza shina nene ambalo likifukiwa huoza. Mtu aliyelelewa na jembe hulifukia tu, tena kwa kulishindilia. Inavyotakiwa ni kulikata vipande vyenye majani matatu au manne, kisha kila kipande kifungwe kwa uzi juu ya jiwe. Wenye haraka hutumia supaglu, ambayo hushika vizuri sana: kidole hushikana na jiwe, anubia akabaki anaelea.

Jani zee la jimbi la Java huchipusha vitoto juu yake, na upande wa chini hujaa vidoti vyeusi. Mgeni hudhani ni ugonjwa, akalikata na kulitupa pamoja na kitalu kizima. Kriptokorine naye akihamishwa huyeyusha majani yote kwa siku chache. Mizizi ikiachwa, majani hurudi, ila wengi huwa wameshamzika jalalani. Valisneria, ambaye jamaa zake huota hata Ziwa Tanganyika, hamsubiri mtu. Hutuma vitawi chini ya changarawe na kuibuka nyuma ya chujio, mahali pekee ambapo hakuna aliyemhitaji.

Mimea ikishakubali, shida huwa wingi. Ndugu na majirani huletewa vifurushi, wakiwamo wasio na tangi wala samaki. Kinachobaki hakimwagwi mtoni wala mtaroni. Magugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na bado yanaziba njia za mitumbwi. Masalio huanikwa juani mpaka yakauke kabisa, kisha hutiwa kwenye shimo la mboji, ambako kufukiwa hakuyadhuru tena.