Yah: Kuomba Mmalizie Upande wa Kulia

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina lako silijui, na kila dirisha nililouliza cheo chako nilielekezwa dirisha la jirani. Kwa hiyo nakuandikia hadharani, wewe unayehusika na matuta na mashimo ya mtaani kwetu hapa Dar es Salaam.

Mimi ni kijana wa miaka 23, mmiliki wa Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1998. Gari limenizidi umri. Kabla ya kuliwasha asubuhi nasikia kama natakiwa kuliamkia.

Siku niliyolinunua nilinunua na daftari la mipango. Ukurasa wa kwanza: kulishusha sentimita 5. Fundi mmoja wa Gerezani akanicheka. "Dogo, springi mpya za nini? Tunakata mizunguko miwili kwa gurainda, unaondoka." Nikakataa. Springi ikikatwa inakakamaa, gari linarukaruka kama mbuzi. Nikasema nitadunduliza ninunue springi fupi za kweli.

Sikudunduliza sana. Shimo lenu la pale duka la dawa lilivunja springi ya mbele kushoto, bila gurainda na bila kudai ufundi. Nimepima kwa rula ya mdogo wangu: sentimita 5 kamili. Ahsanteni.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa eksozi ya kunguruma. Tuta la tatu, lile lisilo na rangi wala kibao, likang'oa sailensa. Sasa silinda sita zangu zinanguruma kiasi kwamba mama anatenga chakula nikiwa bado kituo cha bajaji. Trafiki alinisimamisha, akauliza nani kaniruhusu kubadilisha gari. Nikamwonyesha barabara. Faini akaiandika kwa jina langu.

Bampa sitalisemea. Lina waya.

Mlichoshindwa ni injini tu. Niliitaka 1JZ-GTE, ile ya lita 2.5 yenye turbo waliyoifunga kwenye Tourer V, ndugu wa gari langu wa bodi ileile. Farasi 280, Mheshimiwa, kwenye njia ambayo punda mmoja anaipita kwa dua! Sheria inaniruhusu kilomita 50 kwa saa katika makazi. Mimi 20 naziona nikiwa na bahati. Ukurasa huo mama ameshaufungia karanga.

Sasa ombi lenyewe. Kwa kuwa tunaendesha kushoto na mashimo yameota ukingoni, kazi yote mmeifanya upande mmoja. Gari limeinama kama mzee anayetegea umbea. Naomba shimo jingine, la kina kilekile, katikati ya barabara, ili gurudumu la kulia nalo lipate haki yake. Ikiwezekana liwe tayari kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi nimeombwa nimbebe bibi harusi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye Mark II iliyolalia kushoto