Baba Mdogo, Mbwa wa Kijerumani Hatakufaa



Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na ule wa pili wa kukumbushia wa kwanza nimeupata pia. Unataka nikija likizo nikuletee mbwa wa Kijerumani, "aliyefunzwa hukohuko kwao," akulindie kihamba na pikipiki, maana mbwa wako Simba amezeeka na siku hizi wezi anawasindikiza. Hela, umesema, tutazungumza. Kabla hatujazungumza, acha nikueleze mbwa wa huku anafunzwa nini.

Nayajua haya kwa kuwa nasoma naye. Mama mwenye nyumba wangu hapa Hannover alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akaniomba niwe nampeleka mbwa wake shule kila Jumamosi, naye anipunguzie kodi. Mbwa mwenyewe ni jamii ileile unayoitaka, mgongo mweusi, meno yote kamili. Anaitwa Bruno.

Usicheke habari ya shule. Katika jimbo hili la Niedersachsen, tangu 2013, anayeanza kufuga mbwa hufanya mtihani wa nadharia kabla ya kumchukua, kisha wa vitendo ndani ya mwaka wa kwanza. Anayetahiniwa ni mwenye mbwa, si mbwa. Mbwa yeye ana chipu chini ya ngozi, ana bima asije akaleta hasara, na manispaa inamdai kodi yake. Simba, ambaye chanjo tu alishikwa na wanaume wanne, hapa wangemkosea hata faili la kumweka.

Sasa masomo. Somo la kengele tumelirudia sebuleni hadi nimechoka mimi. Natoka nje, nabonyeza kengele. Bruno haruhusiwi kubweka wala kukimbilia mlango. Anatakiwa aende kwenye blanketi lake pale pembeni, alale, atulie. Akilala tu, mama mwenye nyumba anampa kipande cha soseji kisichofika hata ukucha wa kidole. Kipande hicho lazima kimfikie papo hapo. Ukipekuapekua mfukoni mbwa akapiga miayo, mwalimu anakwambia umemlipa kwa kupiga miayo. Matokeo yake, kengele ikilia siku hizi Bruno haangalii mlango, anaangalia friji.

Baba Mdogo, huyo ndiye unayetaka alale nje na pikipiki.

Somo la wageni ndilo lililonimaliza. Mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo asiyecheka, alivaa koti refu na kofia ya kufunika macho, akashika fimbo, akatokea nyuma ya vichaka anachechemea huku akiongea peke yake. Kwetu mtu akikutokea hivyo hata mimi nitabweka. Bruno alitakiwa akae chini na kuniangalia usoni. Akamtazama yule kiumbe, akanitazama mimi, akautazama mfuko wangu wa soseji, akauchagua mfuko. Watu wakapiga makofi. Wakasema mbwa huyu ana tabia njema sana.

Na akimrukia mtu kwa furaha, hapigwi teke wala hakaripiwi. Unampa mgongo, unakunja mikono, unaangalia mawingu mpaka miguu yote minne irudi chini. Akivuta kamba barabarani, unasimama. Kamba ikilegea, mnaendelea. Mvua ya Novemba inakupiga na wewe umesimama, unasubiri mbwa atafakari. Na kuanzia Aprili mosi hadi Julai 15 hafunguliwi kamba msituni, maana ni majira ya ndege kuatamia na wanyama kuzaa, wasisumbuliwe. Hata kanga wako hawajawahi kupewa heshima hiyo.

Usiniambie kwamba zamani mbwa hawa walikuwa wakali. Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha jamii hii mwaka 1899, alikuwa akitafuta mbwa hodari wa kuchunga kondoo. Mwaka 1916, hapo Oldenburg, humuhumu jimboni, daktari Gerhard Stalling akafungua shule ya kufunza mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani, na mbwa wa jamii hiihii wakashika kazi hiyo. Kumvusha kipofu barabara hakutaki mbwa wa kukurupuka. Wapo wa polisi, ni kweli, lakini hao wana mwajiri tayari.

Sisemi ni kazi bure. Juzi kwenye tramu mtoto alimkanyaga Bruno mkia. Akauvuta tu, akaendelea kulala chini ya kiti. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye salamu zangu huzipokea kwa kuangalia ukuta, aliinama akamwamkia mbwa kwa jina. Mimi nikaitikia kwa niaba.

Kwa hiyo nakushauri ubaki na Simba. Nakumbuka nyumbani kwako usiku. Simba akibweka, wewe unafungua dirisha unamrushia kiatu ili ulale. Kwa mahesabu ya mwalimu wetu, mbwa huyo amesoma na amefaulu: kubweka ni kiatu, kunyamaza ni amani. Mwizi amekuta kazi imeshafanyika. Jaribu kinyume chake. Akibweka mtu akikaribia geti, toka saa hiyohiyo na kichwa cha dagaa mkononi. Usingoje asubuhi, asubuhi atadhani unamlipa kwa kuamka.

Mwanzoni atabwekea hata popo na majirani watakuja na malalamiko. Wapokee vizuri, ila wasipite getini mikono mitupu, waje na dagaa zao. Mama Mdogo akiuliza dagaa zimeishaje, mwambie ni karo.

Na pikipiki, kwa sasa, iingize ndani ulale nayo.

Mwanao, Hannover