Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mwongozo wa Kumpeleka Mtoto wa Ughaibuni Cheptais

Kata tiketi kwa hesabu ya Cheptais. Wazazi wengi wanaolea watoto Dallas au Birmingham hupanga likizo hivi: wiki moja Nairobi kwa marafiki, wiki nyingine Diani kwa ajili ya bahari, halafu Cheptais siku mbili, kwa sababu nyanya ameshalalamika. Siku mbili ndizo za mgeni. Mtoto atachinjiwa kuku, atakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa, atanyweshwa chai ya maziwa, ataombewa, ataondoka. Wahenga wameshasema jembe hutolewa siku ya tatu. Nauli yote ile unailipia siku hiyo, basi hakikisha mtoto yuko bomani itakapofika.

Kabla ya jembe, daktari. Kaunti ya Bungoma, iliko Cheptais, ina malaria, na mtoto aliyezaliwa nje hana kinga waliyojijengea binamu zake. Hata yako, baada ya miaka ya baridi, imepungua. Dawa ya kuzuia ianze mapema kama mtakavyoelekezwa, na chandarua kifungwe kila usiku. Shangazi akisema unamdekeza mtoto, mwitikie "Ndiyo, shangazi," kisha ufunge chandarua.

Funga pia gambuti. Likizo ndefu za ughaibuni ni Julai na Agosti, na Mlima Elgon wakati huo unanyeshewa. Ukitokea Bungoma, ukishapita Chwele na kuanza kupanda, viatu vyeupe havina maisha marefu. Lakini huo ndio msimu wa mahindi mabichi, na mtoto aliyechomewa hindi jikoni kwa nyanya hataulizia piza mpaka kesho yake.

Ukiweza, chagua Agosti ya mwaka wa shufwa, kama 2026. Ndipo Wabukusu hutahiri vijana wao, na barabarani utawasikia wakipiga njuga huku wakizunguka kuwaalika jamaa. Mwanao atataka kufuata. Mwache afuate, akiwa na binamu mkubwa. Kijana hupeleka njuga zake mpaka kwa mjomba, ndugu wa mama yake, naye mjomba anadaiwa ng'ombe. Hakuna mchoro wa ukoo utakaomfundisha mtoto habari za wajomba haraka kuliko ng'ombe anayedaiwa.

Lugha uianze mapema, ukiwa bado ughaibuni. Cheptais ni ya Wasabaot na pia ina Wabukusu, na watoto wa pande zote mbili wakikutana uwanjani hucheza kwa Kiswahili. Mwanao akikijua, atachaguliwa kwenye timu. Asipokijua, atabaki kubeba masweta ya wenzake.

Sasa jembe lenyewe. Usimwombee ruhusa, wala usimwambie mama mkwe kwamba mtoto hajazoea. Akipewa ungo wa managu achambue, achambue, hata akitupa majani na kubakiza vijiti. Apeleke maji kwa ndama. Apukuchue mahindi mpaka vidole gumba vimuwashe. Nyanya hampendi mjukuu kwa picha za simu tu. Anampenda zaidi akishamtuma dukani na akarudi na chenji kamili. Mtoto naye hawi wa boma kwa kukumbatiwa. Anakuwa wa boma siku atakapokaripiwa kama wengine kwa kuacha lango wazi. Siku hiyo usiingilie. Nenda ukaoge.

Jioni mkalishe na babu. Muulize babu habari za soko la Chepkube. Baridi kali ya Julai 1975 iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapaa duniani, na kwa kuwa Uganda ya Idi Amin iliwalipa wakulima wake kidogo, kahawa yao ikavuka mpaka kwa magendo, hata kwa punda, ikauzwa soko hilo dogo la jirani mwaka 1976 na 1977. Mtoto anayedhani kijijini hakujawahi kutokea jambo atakaa wima.

Kuna mambo mengine yaliyotokea. Kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa mashamba ya Chepyuk ulizaa kundi la wapiganaji wa Kisabaot lililoitwa SLDF, na Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha. Raia waliumizwa na pande zote mbili. Wapo waliopotea ambao hawajaonekana hadi leo. Mtoto akiuliza mbona baba mkubwa yumo kwenye picha ya ukutani na hayumo nyumbani, usimkatize, wala usimjibu wewe. Nyanya ndiye atakayeamua kama ataeleza leo au mwaka ujao.

Matembezi yawekwe mwisho. Jumba la makumbusho la Kitale, na pango la Kitum kwenye hifadhi ya Mlima Elgon, ambako tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, yatapendeza zaidi mkibeba binamu wawili watatu. Wapo watoto wanaolala kwenye mlima huohuo na hawajavuka lango la hifadhi. Walipie.

Siku ya kuondoka, nyanya atampa mjukuu kuku. Usikatae, usiulize bei yake, na usikubali achinjwe kwa sababu ndege haimbebi. Mkabidhi kwa binamu mbele ya nyanya, mkubaliane vifaranga vitagawanywa vipi na mayai ni ya nani. Kisha mwachie binamu namba ya simu ya mwanao, apige mwenyewe kutoa hesabu.