Turufu ya Sita

Mulamu wangu, dada ya mke wangu, huuza makoti. Ukiwa Uvira saa saba mchana, jua limewaka na ziwa limetulia, utajiuliza ni nani ananunua koti hapa. Wateja wake hawakai hapa. Wanashuka kutoka milimani na maharagwe na viazi, wanauza, kisha wanapanda tena wamevaa koti la mzee fulani wa Ulaya ambaye hawatamjua kamwe. Robota la mitumba likifunguliwa, mulamu hupekua mifuko kwanza. Ameshapata miwani, tiketi za treni, kitambaa cha pua ambacho hatukukijadili. Safari moja alitoa kisanduku cha karata.

Hazikuwa karata za kawaida. Zile tunazozijua ni 52. Hizi zilikuwa 78, na baadhi yake zilikuwa na picha za kutisha: mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja, mnara unapigwa na radi, mifupa mitupu inafyeka kwa fyekeo. Ndani kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa kinachoeleza kila karata inasema nini, na sehemu iliyochakaa kwa kusomwa ilikuwa ile ya mapenzi. Mulamu ana diploma yake ya serikali na Kifaransa chake hakina wasiwasi. Mimi ni mwalimu, siku nzima niko na chaki. Niliporudi jioni ua wetu ulikuwa umegeuka kuwa kliniki ya mioyo.

Kilibula ni mtaa wa watu kukaa karibu. Ukigombana na mke wako kwa sauti ya chini, jirani atakuomba uongeze sauti kidogo. Kwa hiyo habari za karata hazikuhitaji tangazo. Walikuja wanawake na viti vyao, wengine na watoto mgongoni, mmoja na sahani ya mchele wa kupembua ili asionekane amekuja kwa ajili ya hayo tu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja ambaye mumewe alikwenda Misisi, kule Fizi, kutafuta dhahabu, na simu zake zimeanza kuwa chache. Mulamu akachanganya karata, akafunua moja: mzee mwenye ndevu, amevaa joho, ameinua taa mkononi. Kijitabu kinamwita Mtawa na kusema kwamba katika mapenzi ni upweke, mtu aliyejitenga ili atafakari. Mulamu hakufika mwisho wa sentensi.

"Ni bwana yangu!" yule mama akapiga kofi. "Ako na taa. Ako mu shimo!"

Ua mzima ukakubali. Nani asiyejua kwamba mchimbaji anashuka na taa? Mama yule aliondoka ametulia kabisa: bwana hapigi simu kwa sababu shimoni hakuna mtandao. Kijitabu hakikushauriwa tena juu ya karata hiyo.

Kisha ukaja Mwezi. Kwa wenye karata, Mwezi ni karata mbaya kwa wapendanao: hofu, udanganyifu, jambo lililofichwa gizani. Picha yake ina mbwa wawili wanaobweka na mdudu wa majini anayepanda kutoka kwenye dimbwi. Ilimwangukia mke wa mvuvi, naye akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Kwenye ziwa letu ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haina kazi, na mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kwa mke wa mvuvi, basi, Mwezi maana yake ni moja: bwana yuko nyumbani, hana kazi, hana pesa, na anataka kujua kwa nini chumvi imezidi. "Hofu ni kweli," alisema. "Hiyo ya kudanganya, atamdanganya nani? Sina kitu."

Huko ndiko nilikoanza kuzipenda karata zile, nakiri. Waliozichora hawakuwahi kuona Tanganyika, na bado kila picha ilipotua kwenye mkeka wetu ilipata mwenyewe.

Mambo ya moyo hasa, kwa mujibu wa kijitabu, yamo katika vikombe. Karata 22 ni zile za picha kubwa. 56 zilizobaki zina aina nne, yaani panga, fimbo, sarafu na vikombe, na vikombe ndivyo vilivyopewa hisia. Kikombe kimoja ni penzi linaloanza, moyo umejaa hadi unafurika. Viwili ni watu waliokubaliana. Vitano ni kilio cha kilichomwagika. Vinane ni mtu anayeondoka akaacha vilivyojaa nyuma yake. Kumi ni nyumba yenye amani. Karata ikitoka kichwa chini, maana nayo hugeuka, au hupungua, kutegemea na aliyelipa. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mboko kutibiwa macho na akakaa, alisikiliza hesabu yote hiyo kutoka dirishani kisha akauliza: "Na hivyo vikombe kumi vinaoshwa na nani?"

Wanaobashiri kwa karata hizi hupenda kusema ni hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Uongo huo una tarehe yake: mwaka 1781, Paris, Antoine Court de Gébelin aliuandika bila ushahidi wowote. Muda si mrefu akatokea Jean-Baptiste Alliette, ambaye aligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, akaufanya biashara. Kabla yao, kwa zaidi ya miaka 300, zilikuwa karata za kuchezea tu, zilizoanzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, kwenye majumba ya wakubwa wa Milano na Ferrara. Misri imo, lakini si ya Mafarao: vikombe, panga na sarafu vilitoka katika karata za Wamamluki wa Kairo vikavuka kwenda Ulaya. Wafaransa wakaweka mioyo. Wareno wakabaki na vikombe vyao, wakavileta pwani ya mashariki, na kopa inayopigwa mezani Mombasa na Zanzibar ni kikombe hicho hicho.

Haya yote niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema nisingesalimika hata hivyo, kwa sababu Jumamosi moja mulamu alisema kwa furaha yake yote: "Sasa tumwangalie mulamu."

Mke wangu alikuwa anageuza ndagala. Hununua mbichi alfajiri, mitumbwi inaporudi, huzianika uani kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa juu ya miti, na zikikauka huwauzia wanaopeleka Bukavu. Ni kazi isiyosubiri mtu. Lazima zigeuzwe, zilindwe bata, zifunikwe wingu likitisha. Aliacha kugeuza. Akaja, mikono ikinuka samaki, akasimama nyuma ya dada yake.

Karata ilifunuliwa. Namba sita: Mpenzi. Kijana amesimama katikati ya wanawake wawili. Mmoja, mwenye umri, amemshika bega. Mwingine, mdogo mwenye maua kichwani, ameweka mkono kifuani kwake. Juu yao kuna mtoto mwenye mabawa, amevuta upinde, na mshale haujulikani utamwangukia nani. Mulamu akasoma polepole, sauti ikizidi kupungua: uchaguzi, moyo uliogawanyika, mwanamume asiyeweza kuamua.

Karata zinazoonekana zaidi kwenye simu siku hizi ni zile za London za mwaka 1909, alizochora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Katika hizo, Wapenzi ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na malaika juu yao anawabariki. Laiti yule mzee mwenye koti angenunua hizo! Lakini alikuwa na zile za zamani, za Marseille, na Marseille hawakunihurumia.

Mke wangu hakusema kitu. Alirudi kwenye ndagala. Usiku bugali lilikuja bila mboga yake ya sombe. Asubuhi aliacha kuniita baba wa mtoto wetu wa kwanza, akaniita "Mwalimu". "Mwalimu, maji ya kuoga yako pale." Mume wa Uvira anayeitwa kwa cheo ndani ya nyumba yake hahitaji kubashiriwa. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Nikitoka, naulizwa narudi saa ngapi, na jibu linaandikwa mahali fulani. Hata watoto walianza kuniangalia mabega, kutafuta alama ya mkono.

Kisha simu yangu ilipekuliwa, na simu ilikuwa na la kusema. Mwisho wa kila mwezi kulikuwa na pesa zilizotumwa kwa namba moja, namba ya mwanamke. Si nyingi, lakini zilikwenda bila kukosa kuliko mshahara wangu unavyokuja.

Kesi ilisikilizwa sebuleni mchana wa siku hiyo. Mke wangu aliweka simu mezani, akaweka na karata ya sita kando yake, ushahidi na picha ya ushahidi. Mulamu alikuwepo kama mtaalamu. Jirani wawili walikuwepo kwa sababu zao. Nikafungua mdomo, ukafunguka mlango wa chumba cha nyuma.

Mama yangu hakumwangalia mtu. Alichukua karata, akaisogeza dirishani karibu na macho yake yaliyoanza kupona, akaitazama sana.

"Huyu mkubwa," akasema, "si ni miye?"

Kimya.

"Ona amemushika bega. Hivyo ndivyo nilimushika, nikamwambia asikuambie." Akamgeukia mke wangu. "Mwanangu, zile pesa zinaenda kwa binti yangu kule Mboko. Ananijengea nyumba. Niliogopa ukijua utafikiri unanichosha, ao utafikiri nimechoka na weye."

Baadaye nilisoma kwamba wapo wafasiri wengi wa karata hii wasemao jambo hilo hilo: wanawake wawili si mke na hawara, ni mama na mke, na kijana anatoka nyumba moja kuingia nyingine. Mama yangu, ambaye Kifaransa chake ni "bonjour" tu, alilifikia kwa macho ya mgonjwa.

Ukidhani hapo amani ilirudi, hujaoa. Mke wangu sasa alikasirika vizuri. Hawara angemwelewa, alisema. Lakini nyumba nzima kujengwa nyuma ya mgongo wake, na yeye ndiye anayempikia mama uji asubuhi! Mama akalia. Mulamu akalia kwa kuwa ndiye aliyeleta karata. Jirani mmoja akalia kwa sababu zake.

Mvua ya kwetu hushuka kutoka Milima ya Mitumba iliyo mgongoni mwa mji, na tangu Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukachukua watu na nyumba zao, mtu wa Uvira akisikia ngurumo mlimani hukatisha sentensi. Siku hiyo tulizimaliza zote. Tulishtuliwa na sauti ya juu ya ukuta: "Ndagala! Weye mama, ndagala!"

Tulitoka mbio watu sita kwa mlango mmoja. Nyavu zilikuwa zimelemewa na maji, nusu ya samaki iko kwenye tope, na bata walikuwa wameanza bila kutungoja. Turubai halikuonekana. Mulamu akavua akili, akarusha makoti: la kijivu, la kahawia, lile refu lenye vifungo vya shaba. Tuliokoa kama theluthi. Makoti yakanuka ndagala kwa majuma, na hakuna mtu wa milimani aliyeyataka kwa bei yoyote. Dada wawili wale walikaa kwenye kibaraza wameloa, wakahesabu hasara, na katikati ya hesabu mke wangu akaanza kucheka. Usiku sombe likarudi. Pesa za Mboko sasa anazituma yeye mwenyewe, na ameongeza za mabati.

Likabaki shauri la karata. Mama, mtu wa maombi, alitaka zichomwe, na sababu yake haikuwa ya kuchekesha. Katika jimbo letu wapo bajakazi, wanawake wa unabii wanaomnyooshea mtu kidole wakisema ni mchawi. Mwaka 2021, huko Kalehe na Fizi kati ya mahali pengine, wanawake waliuawa kwa kidole hicho. Nyumba inayosemwa kwamba inabashiri si nyumba salama. Kliniki ilifungwa siku hiyo hiyo.

Aliyeziokoa karata ni mzee wa mtaani, aliyekuwa karani katika kiwanda cha sukari cha Kiliba kabla hakijafungwa mwaka 1996. Aliziona mezani akazipokea kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. "Lakini huu ni mchezo!" akasema. Kumbe Wafaransa wanaucheza hadi leo: watu wanne, karata 18 kila mmoja, 6 zinawekwa kando, na zile picha za kutisha ndizo turufu. Dunia, namba 21, hupiga zote. Mifupa yenye fyekeo ni turufu ya 13 tu, na Mwezi, namba 18, huupiga mnara bila hofu wala udanganyifu.

Tunacheza Jumapili jioni, baada ya ibada. Karata ya sita hatuna; mama aliiomba alipohamia nyumba yake, akaiweka ndani ya Biblia, akisema ndiyo picha pekee aliyo nayo ya sisi watatu. Badala yake tumekata kipande cha boksi la sabuni tukaandika VI kwa bic. Mulamu amerudi kwenye makoti yake, kwa hiyo tunatafuta mtu wa nne. Ukipita Kilibula, ingia, uje na kiti chako. Ya mapenzi uulize kwako.