Laki Mbili za Kushikia Chombo

Katika biashara ya vyombo vya baharini vilivyokwisha tumika, hakuna mnunuzi mwenye madaraka makubwa kuliko yule ambaye hajalipa. Mwenye fedha kamili huja, hukagua, hulipa, akaondoka na chombo chake, na habari yake huishia hapo. Aliyeacha laki mbili juu ya mashua ya milioni sita hakai mbali. Siku ya pili anapita ufukweni kuuliza kwa nini chombo chake kimelazwa juani. Siku ya tatu anawaarifu wenzake kwenye baraza ya kahawa kwamba amenunua. Wiki haijaisha, ameshaamua ubavu upakwe kijani, na amemwomba mwenye mashua asiende nayo kuvua, maana ataichosha. Kwa laki mbili mtu huyu amepata heshima ya mmiliki, sauti ya mmiliki na usingizi wa mmiliki. Mmiliki wa kweli amebakiwa na kazi ya kufua maji. Ninachoshikilia ni kwamba arubuni, ambayo wauzaji wengi huipokea wakiamini wamemnasa mnunuzi, humfunga kwanza yule anayeipokea. Sisemi ikataliwe. Nasema apokeaye ajue kwamba anafungwa, kisha apatane kufungwa kwa muda gani na kwa bei gani.

Anayedhani natia chumvi na aiulize sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, iliyofuata nyayo za ile ya Uingereza ya 1893, inasema kwamba mapatano ya kuuza bidhaa ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiwi mahakamani mpaka mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni au sehemu ya bei, au pawe na maandishi yenye saini ya yule anayedaiwa. Zile 200 zilikuwa paundi 10 za Waingereza zilizovishwa nguo za shilingi. Waingereza wenyewe walikifuta kifungu chao mwaka 1954. Cha Kenya kikabaki, na leo fedha hiyo ni sahani ya wali kibandani, kwa hiyo mla wali analindwa na sheria kwa sababu tu amekwisha tia tonge mdomoni. Kwa mwenye mashua, jambo hili halichekeshi sana. Kabla ya arubuni, ile "haya, nimekuuzia" aliyoitamka ufukweni ilikuwa upepo, na upepo hauna hakimu. Noti zilipogusa kiganja chake, upepo ukawa kesi. Alidhani anamwekea mnunuzi kamba, kumbe anamtengenezea ushahidi.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Madai ya 1804, katika kifungu cha 1590, ilitamka kwamba ahadi ya kuuza ikiwekewa arubuni, kila upande unaweza kujitoa: aliyeitoa akijitoa ameipoteza, na aliyeipokea akijitoa airudishe maradufu. Msomaji aliyewahi kumwona muuzaji akipokea arubuni asubuhi na kuimaliza kabla ya adhuhuri atajua kwamba kurudisha maradufu ni kitu kizito kwa mtu ambaye hata moja hana. Lakini waliotunga kifungu hicho walielewa jambo ambalo ufukweni kwetu bado linabishaniwa: kamba ina ncha mbili, na ncha ya muuzaji huwa ndiyo nene zaidi.

Unene huo unatokana na chombo chenyewe, kwa sababu chombo hakijui kungoja. Kiwanja kilichowekewa arubuni kitakaa pale kilipo, na kikizidi sana kitaota majani. Mashua ya mbao ikikaa juani mbao hukauka, zikajivuta, kalafati ikalegea katika maungio, na siku ya kushushwa majini inanywa bahari kama mgeni aliyetoka safari ndefu. Ikiachwa majini nayo, kuna wadudu watoboao mbao ambao hawajui kwamba mali hii ina arubuni. Ndiyo maana wenye vyombo huvipandisha kila baada ya muda, wakavibabua matumbo kwa moto wa makuti na kuvipaka deheni. Mashine nayo isipowashwa na kusafishwa kwa maji baridi, chumvi huihamia na kuanza familia. Juu ya hayo kuna mlinzi, kwa sababu mashine ya farasi 15 iliyoachwa ufukweni bila mtu hupata mnunuzi mwingine usiku, na huyo hatoi arubuni kabisa.

Tupige hesabu, basi, ya kufikirika lakini isiyo na chuki. Mlinzi analipwa elfu tano kwa siku. Laki mbili za mnunuzi wetu zitamlipa mlinzi huyo siku 40, bila deheni, bila kalafati, bila mafuta ya kuwashia mashine. Siku ya arobaini, ambayo kwa desturi zetu ni siku ya kumaliza maombolezo, arubuni imekwisha zikwa, na kuanzia hapo muuzaji anamlipia mnunuzi gharama za kufikiri. Na hilo ndilo la nafuu. La ghali ni msimu. Kusi ikivuma kwa nguvu, mwenye mashua ndogo hukaa nchi kavu na wanunuzi hupungua. Kaskazi ikiingia na bahari kutulia, kila mtu anataka chombo, na bei hupanda. Anayeacha laki mbili wakati wa kusi na kurudi wakati wa kaskazi hakununua mashua. Amenunua haki ya kuamua baadaye, kwa bei ya zamani, huku mwenzake akibeba hatari yote: bahari ikiwa nzuri analipa, ikiwa mbaya anaumwa mgongo.

Hapa mtetezi wa arubuni ataniuliza: sasa bila arubuni utamjuaje mnunuzi wa kweli kati ya hao wote wanaokuja kugonga mbao kwa kifundo cha kidole na kutikisa kichwa? Swali ni la haki, maana ufukwe una watu wengi wanaokagua vyombo kwa sababu tu hawana kazi jioni. Nakubali kabisa kwamba fedha huchuja. Lakini chujio lenye tundu la laki mbili kwenye milioni sita linapitisha kila kitu. Arubuni ya namna hiyo ni kishika uchumba kilicholetwa na mtu asiyetaja siku ya harusi: binti hatembei, wachumba wengine wamerudishwa, na mwenyewe yuko mjini anaangalia angalia. Kinachochuja ni kiasi na muda vikiwa pamoja. Kiasi kipimwe kwa gharama ya kungoja, wala si kwa kilichokuwamo mfukoni mwa mnunuzi siku hiyo. Muda nao mwezi umekwisha tupangia: bamvu hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hapo ndipo maji hupanda juu kabisa na kutoka mbali kabisa, chombo kikalala wazi na mkuku wake ukaonekana. Mnunuzi akague bamvu hili, aache arubuni, amalize bamvu lijalo. Anayehitaji bamvu sita kutafuta fedha hana fedha. Ana matumaini, na matumaini hayalipi mlinzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili kujibiwa bila mzaha mwingi. Watu wengi wa pwani ni Washafii, na fiqhi ya Shafii, pamoja na ya Hanafi na ya Maliki, haikuridhia uuzaji wa arubuni ambayo muuzaji huibakiza mnunuzi akijitoa. Imam Malik amepokea katika Muwatta hadithi ya kuukataza. Hoja yao ni kwamba muuzaji anakula mali ya mtu bila kutoa kitu. Wahanbali waliuruhusu, wakitegemea kisa cha nyumba aliyonunuliwa Khalifa Umar mjini Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, likaruhusu pia, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe. Mimi si mufti, na sitajipa kilemba. Naona tu kwamba wanaokataza wanauliza muuzaji ametoa nini, na wanaoruhusu wanauliza atangoja mpaka lini. Mwenye mashua akiweza kujibu maswali hayo mawili, hesabu ya mlinzi mkononi na tarehe kwenye karatasi, ana njia ambayo hata mwenye shaka ataiheshimu: mnunuzi akijitoa, muuzaji abakize gharama aliyoingia kweli na kurudisha iliyosalia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, yenye asili katika sheria ya India ya 1872, nayo ina tabia hiyohiyo ya kutopenda adhabu za kutajwa tu. Hutaka fidia iwe ya kadiri.

Nimesema karatasi, na najua nimemkera mtu. Wapo wanaoona kuandikiana ni matusi: tumekua pamoja, tumezikana wazazi, leo unanitaka saini kwa laki mbili? Jibu limo katika methali ya wahenga waliofahamiana kuliko sisi, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi haiwaandikii watu wasioaminiana. Inawaandikia watu wasiokumbuka, nao ni binadamu wote pindi fedha inapohusika. Baada ya wiki tatu muuzaji anakumbuka kwamba mashine haikuwamo katika bei, mnunuzi anakumbuka kwamba ilikuwamo pamoja na nanga, tanga la akiba na ndoo ya kufulia maji, na shahidi wao anakumbuka kahawa tu. Basi iandikwe: chombo kipi na namba yake ya usajili, mashine ipi na namba yake, vifaa gani vinakwenda navyo, bei yote, arubuni ngapi, siku ya mwisho, na nini kitatokea kila upande ukighairi. Mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Ikiwa urafiki utavunjika kwa mistari minane, ulikuwa umeoza tangu zamani kama mbao chini ya rangi mpya.

Simu nayo imeongeza ucheshi wake. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka hadi Tanzania mwaka uliofuata, arubuni imeweza kusafiri bila mtoaji, na mara nyingine hata bila fedha: unakuja ujumbe uliofanana kila herufi na ule wa kampuni, ila salio halikusogea. Mwingine "hukosea" akasema ametuma zaidi, anaomba arudishiwe tofauti haraka, mtoto yuko hospitali. Muuzaji aliyefurahishwa na mnunuzi asiyeuliza hata kama mashua inavuja ajiulize kwa nini haulizi. Mnunuzi wa kweli hulalamika. Asiyelalamika hanunui chombo, ananunua muuzaji. Dawa ni fupi: angalia salio, usiangalie ujumbe.

Pingamizi la mwisho linagusa huruma. Wavuvi wengi hawana milioni sita kwa mkupuo, na kuwabana kwa bamvu moja ni kuwaachia vyombo matajiri. Kweli. Lakini mvuvi huyo hahitaji arubuni ya miezi sita. Anahitaji mkopo, na mkopo una adabu zake. Pwani ina desturi ya mgawo wa samaki ambamo chombo chenyewe hupata fungu lake, sawa na mtu. Muuzaji mwenye moyo anaweza kumkabidhi mashua, fungu la chombo likawa malipo kila baada ya safari, na umiliki ukahamishwa deni likiisha. Hapo chombo kinafanya kazi, mbao zinakaa na unyevu wake, na mnunuzi anafua maji yake mwenyewe. Ubaya wa arubuni ndefu ni kwamba inajifanya mauzo ilhali ni mkopo, na matokeo yake chombo hakivui kwa yeyote.

Kuhusu muuzaji apokeaye arubuni tatu kwa mashua moja, hakuna haja ya maneno mengi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na wanunuzi hao watatu watakutana siku ileile, maana wote wanapita kukitazama. Hatari iliyoenea zaidi ni ile ya mtu mwema aliyepokea arubuni moja, halali, kwa nia safi, akaitia kwenye ada ya shule. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni kimoja, na hakihitaji wakili. Kila siku ya muda wa kungoja, muuzaji ajiulize kama anaweza kuirudisha fedha hiyo jioni hii. Akiweza, yeye bado ni mwenye mashua anayeuza. Asipoweza, biashara imekwisha geuka mikononi mwake: amekopa, ameweka chombo chake rehani, na mkopeshaji anakuja kesho na kopo la rangi ya kijani.