Barua za Bafuni

Mfuko wa barua wa wiki hii umenifikia ukiwa mzito kuliko kawaida na, ikiwa pua yangu haikunihini, ukinukia sabuni. Tangu Agosti 2024, Eldoret ilipotunukiwa hati ya kuwa jiji, la tano katika jamhuri yetu, wakazi wake wengi wameona kwamba haiyumkini mtu awe raia wa jiji na huku angali akioga nyuma ya pazia la plastiki kama alivyooga alipokuwa raia wa mji. Basi kutoka Elgon View hadi Kapsoya, kila aliyejaliwa vijisenti anajenga kibanda cha kioo pembeni mwa bafu lake, na mafundi wa alumini na vioo hawapati wasaa hata wa kunywa chai. Mimi mwenyewe sina kibanda cha kioo. Naoga kwa beseni, kwa maji yaliyochemshwa jikoni, na kwa kuwa tunaishi mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, ibada hiyo asubuhi ya Julai huikamilisha kabla chai haijaanza kupoa. Asiulize mtu, basi, nimepata wapi ujuzi wa kushauri juu ya nisichokuwa nacho: padre naye hushauri wenye ndoa, na wanamsikiliza.

*Bwana Mshauri, salamu nyingi. Nilipokwenda Nairobi kwa arusi ya shemeji yangu nilikiona dukani kibanda cha kioo cha kuogea, nikapendezwa, nikakinunua papo hapo, nikakileta juu ya lori lililopeleka mahindi na lililokuwa likirudi tupu. Sasa fundi amepima akaniambia kwamba nafasi kati ya ukuta na ukuta ni sentimita 113, na kioo cha mbele kina 120. Fundi amependekeza kikatwe kioo. Mke wangu amependekeza nikatwe mimi. Nishike la nani? — Mwenye Kioo, Elgon View.*

Ndugu Mwenye Kioo, kati ya mapendekezo hayo mawili, la mkeo ndilo linalowezekana. Kioo cha bafuni, kikiwa ni kioo halali, si kama cha dirisha la jikoni. Ni kioo kilichotiwa tanurini mpaka joto likapita nyuzi 600, kisha kikapulizwa upepo wa baridi ghafula, ngozi yake ya nje ikakaza kabla ya moyo wake kukaza, na tangu siku hiyo kioo kizima kikawa kama ngoma iliyowambwa, ngozi ikibana na moyo ukivuta, nguvu mbili zikitunzana kwa amani. Mwache fundi wako aguse amani hiyo kwa almasi yake ya kukatia na utaona kioo chote, si ile sehemu ya sentimita saba tu, kikigeuka punje mbele ya macho yako. Kila tundu la bawaba na kila pembe hukatwa kabla ya tanuri, si baada yake, na fundi asiyelijua hilo ni fundi wa kuagwa kwa heshima akiwa angali mlangoni.

Wazee wa mji huu husimulia kwamba zamani zile, mahali hapa palipokuwa pangali pakiitwa Sitini na Nne kwa nambari ya shamba ambalo mji ulisimama juu yake, kasha la fedha la benki ya kwanza lilishushwa kutoka katika mkokoteni, likaanguka chini, na kwa kuwa hapakuwa na kundi la watu la kuliinua, benki ikajengwa kulizunguka kasha pale pale lilipoangukia. Ikiwa kisa ni kweli au kimetiwa chumvi sitakiapia. Lakini nakuletea kwa sababu wewe nawe umefika njia panda ile ile. Kioo hakitasogea, basi ukuta na usogee. Kama mojawapo ya kuta zako hauchukui uzito wa nyumba, bomoa, urudishe nyuma. Kama wauchukua, uza kioo kwa mwenye bafu pana, ukubali hasara, na umwombe shemeji yako radhi kwa kuwa umeanza kuichukia arusi yake.

Na kwa kuwa wako wengine watakaosoma haya wakiwa hawajapanda lori bado, nawaambia: kioo hununuliwa mwisho. Kwanza ukuta upigwe plasta, kisha utandikwe vigae, maana plasta na vigae hula sentimita mbili au tatu kila upande, nazo pengine ni miongoni mwa zilizomla ndugu yetu. Kisha upime mahali patatu, chini, katikati na juu, kwa kuwa ukuta ulionyooka kabisa ni nadra kama mwenye nyumba asiyepandisha kodi, na katika vipimo vitatu ushike kilicho kidogo. Sakafu iteremke kuelekea shimo la maji, sentimita moja au mbili kwa kila mita, na jaribu lake ni kumwaga kikombe cha maji na kutazama yanakokwenda. Yakikimbilia mlangoni, hakuna kioo duniani kitakachokuokoa. Mlango ufunguke kwa nje. Hili watu hulidharau, lakini mtu akiteleza au akizimia ndani, mwili wake huuegemea mlango, na mlango unaofunguka kwa ndani huwa umemfungia. Tena ukumbuke uzito: kioo cha milimita 10 huwa na kilo 25 kwa kila mita mraba, hata kioo chako cha mbele, ndugu Mwenye Kioo, kikiwa na kimo cha mita mbili, kina kilo 60, yaani uzito wa mwanariadha wetu mmoja pamoja na viatu vyake na koti lake la mvua, nao wote utaning'inia kwa bawaba mbili ukutani. Ukuta dhaifu haumudu mzigo huo.

Umenificha jambo moja, nami nalikisia. Naona hakika kwamba kichwani mwa bafu lako pametundikwa shawa ya umeme, ile ya Brazili iliyoenea katika nyumba zetu nyingi, ambayo ili ipate kupasha maji moto hulazimika kuyatoa kwa ubahili, kijinyunyizo kama cha mvua ya Januari. Ikiwa ndivyo, umegharimia ngome ya kilo 60 kumzuia adui asiyeweza kuruka hatua moja. Hakikisha angalau kwamba shawa hiyo ina waya wa kuteremsha umeme ardhini, maana fremu ya alumini na mwili uliolowa ni ndugu wa damu mbele ya umeme.

*Mzee Mshauri, shikamoo. Baba watoto hukimbia Kaptagat kila alfajiri na hurudi akiwa na udongo mwekundu hadi magotini, akaoga kwa sabuni ya kipande na kujisugua kama anayesugua sufuria. Kioo kilichokuwa kama maji ya chemchemi sasa ni cheupe kama uji. Jirani ameniambia nichanganye jiki na dawa ya choo. Dada wa kazi alikwisha kujaribu chuma cha kusugulia masufuria, na sasa pamoja na weupe tuna mikwaruzo. Nani mwenye makosa? — Mke wa Mkimbiaji, Kapsoya.*

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote, weka chini hiyo chupa ya jirani. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi huzaa hewa ya klorini, ile ile iliyorushwa katika mahandaki ya vita huko Ulaya mwaka 1915, na bafu lenye dirisha la ukubwa wa kitabu si mahali pa kurudia vita hivyo. Usizichanganye, wala usimwage moja baada ya nyingine.

Ama huo weupe, si uchafu wa mumeo peke yake, ingawa naona wapenda kumtwika. Maji, hasa yakiwa ya kisima cha kuchimba, hubeba chokaa iliyoyeyuka isiyoonekana kwa macho. Sabuni ya kipande hubeba mafuta. Viwili hivi vikikutana juu ya kioo hufunga ndoa isiyovunjwa na maji, vikazaa utando mgumu wa kijivu, na kila tone linalokauka pale huacha pete yake kama sahani ya chai juu ya meza. Dawa yake haiko mbali na jiko lako: siki nyeupe, sehemu moja, na maji vuguvugu, sehemu moja, uyatie katika chupa ya kunyunyizia, ulowanishe kioo kuanzia juu, ukakae dakika 15 ukinywa chai yako bila ya haraka, maana ni siki inayofanya kazi, si wewe, kisha upitishe sponji laini, usuuze, ukaushe. Utando ukiwa wa miezi mingi, rudia kesho. Lakini sakafu yako ikiwa ya terazo au ya marumaru, ifunike kwanza au uisuuze upesi, kwa sababu siki haibagui chokaa ya kioo na chokaa ya jiwe. Huila yote, na terazo iliyong'aa tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza itabaki na mabaka. Pale mpira wa silikoni unapounganisha kioo na ukuta, ukiona madoa meusi, huo ni ukungu, na ukikwisha kuingia ndani hausuguliki. Fundi aung'oe mpira wote, pakauke siku nzima, atie mwingine.

Mikwaruzo haitoki. Nakuambia hivyo ili usije ukauziwa dawa yake. Dada wa kazi namtoa hatiani, kwa kuwa alipewa kioo bila ya kuonyeshwa namna ya kukitunza, na aliyemwonyesha sufuria alimwonyesha kile chuma. Hakuna mwaka tusiopata barua kama hii, na katika zote hakuna hata moja ambayo aliyechagua kioo ndiye anayekisafisha. Baba huchagua kwa sababu kimependeza, mama hukikubali kwa sababu wageni watakiona, na mwenye kubaki nacho kila siku ya Mungu ni msichana ambaye hakuulizwa. Lau wangemwuliza, angesema pazia.

Mumeo namtia hatiani, lakini kwa kosa dogo. Nunua kile kijifagio cha mpira cha kukaushia vioo, mfano wa kile wanachotumia vijana wanaoosha magari, ukitundike ndani ya kibanda, na iwe sheria ya nyumba kwamba anayeoga ndiye anayefuta, mara sita kutoka juu hadi chini, maji yangali mabichi. Kwani tone lililofutwa haliachi pete. Akikuambia kwamba amechoka, mkumbushe kwamba huko huko Kaptagat anakotoka, katika kambi aliyofanyia mazoezi miaka mingi Eliud Kipchoge, wakimbiaji hugawana zamu za usafi, na kwamba bingwa huyo wa marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ya Tokyo iliyokimbiwa mwaka 2021 ameshika zamu ya vyoo kama wenzake. Mtu anayemaliza kilomita 30 kabla ya chai hashindwi na nusu dakika ya mpira. Na sabuni ya kipande abadili, aoge kwa ya majimaji. Aghalabu hiyo haishiki kioo sana.

*Mpendwa Mshauri, saa nane za usiku, nyumba nzima ikiwa imelala, kioo cha bafu kilipasuka chenyewe kwa mshindo kama wa bunduki. Hapakuwa na mtu. Mama mkwe anasema ni mapepo, na mchungaji amekwisha kuombea bafu mara mbili. Nimwite mara ya tatu? — Mwenye Hofu, Pioneer.*

Maombi hayajapata kumdhuru mtu, lakini ujue sababu. Wakati mwingine, kiwandani, chembe ndogo mno ya nikeli iliyoungana na kiberiti hunasa ndani ya kioo, nayo baada ya tanuri huwa imebanwa isipate kukua. Miezi ikipita, au miaka, hujitanua taratibu mpaka ile amani niliyomweleza Mwenye Kioo ikavunjika, na kioo kikaanguka chote kwa mara moja. Hutokea kwa nadra, na haichagui saa. Pengine pia fundi alikaza bawaba kupita kiasi, chuma kikagusa ukingo bila ya mpira kati yake. Ikiwa uliokota vipande mfano wa punje za mahindi na hakuna aliyekatwa mguu, basi kioo chako kilikuwa cha kweli, kwa maana cha bandia kingevunjika visu. Cha pili kikija, tazama pembeni kama kina muhuri mdogo wa kiwanda. Kisipokuwa nao, kirudishe.

*Mshauri, mimi ni mpangaji. Ploti yetu ina bafu moja kwa vyumba vinane. Mwenye nyumba ameung'oa mlango wa mbao, ametia wa kioo kitupu, cheupe pe, akasema ni mambo ya jiji, na ameongeza kodi. Tunaoga usiku wa manane. — Mwoga Gizani, Langas.*

Ndugu yangu, barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikaisoma tena nikanyamaza. Kuoga kuna mambo mawili, tohara na sitara, na mwenye nyumba wako amekuuzia la kwanza kwa kukupokonya la pili. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alipowajengea watu wake hamamu ya Kiajemi, ile iliyoupa mtaa jina la Hamamni, aliizungushia kuta nene za mawe, na mwanga ukaletwa kutoka juu, mahali pasipo na jicho. Katika majumba ya zamani ya Lamu watu walichota kwa kata maji ya birika ndani ya kijichumba chenye kiza, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hao ndio waliokuwa mashahidi pekee wa mwenye kuoga, nao hawakuongeza kodi.

Usimngoje mwenye nyumba apate haya. Kaeni wapangaji wanane, mchange, mnunue pazia zito la plastiki na fimbo yake, mlitundike kwa ndani ya kioo usiku huu huu, na kila mwezi liloweshwe kwa siki kidogo lisiote ukungu. Fimbo hiyo isipigwe msumari. Iwe ya kujikaza kati ya ukuta na ukuta, ili siku mtakapohama muondoke nayo.