Farasi Hana Chama

Ukitaka kujua uzito wa cheo, mtazame farasi wa Pierre Lombart. Fundi huyu Mfaransa, aliyefanya kazi London karne ya 17, alichonga kwenye bamba la shaba bwana mkubwa juu ya farasi, kavaa deraya, mtumishi pembeni kamshikia kofia ya chuma. Mkao aliuazima kwenye picha ya mchoraji Van Dyck ya Mfalme Charles I wa Uingereza. Kichwa? Cha Cromwell, aliyetia saini hati ya mfalme huyo huyo akatwe chake mwaka 1649! Nakala nyingine zina kichwa cha Louis XIV wa Ufaransa, nyingine cha Charles mwenyewe, nyingine hazina kichwa kabisa. Farasi ni yule yule. Waheshimiwa mnaoagiza picha za ukutani, mwambieni fundi shingoni asikaze sana.